Una laki mbili na meza ya laptopu? Spika za kwanza chagua hivi

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na amepanga chumba kule Ng'hong'hona. Mwezi uliopita kanipigia jioni anaongea haraka haraka, "Kaka, nimedunduliza laki mbili, nataka spika za mezani za laptopu, nimeona sabufa moja hapa One Way ina taa zinacheza zenyewe afu imeandikwa wati elfu kumi, nichukue?" Nkamwambia usitoe hata mia, nisubiri Jumamosi nakuja. Haya naandika hapa ndo yale tuliyofanya Jumamosi ile, na nayaandika kwa sababu vijana wengi wakipata chumba chao cha kwanza wanaingia pale pale, hela inaisha, kelele ipo, ila muziki wenyewe hausikiki vizuri, mwisho mtu anaamini kwamba sauti nzuri ni ya wenye hela. Si kweli kabisa. Laki mbili inatosha kupata sauti ya kukaa nayo miaka, ila lazima ujue unatafuta nini.

Kwanza hatukwenda dukani. Nilibeba futi ya fundi, nkamwambia kaa kwenye kiti kama unavyokaaga ukiwa unasoma, nkapima kutoka sikio lake mpaka pale spika zitakapokaa mezani. Sentimita 75. Na we fanya hivyo kabla ya kuuliza bei yoyote, iandike hiyo namba kwenye simu, maana ndo inaamua karibu kila kitu kinachofuata.

Iko hivi. Ukiongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ndani ya chumba inashuka kidogo chini ya hapo kwa sababu kuta zinairudisha, lakini hesabu ndo hiyo. Mtu anayesikiliza kwenye kochi mita 4 kutoka kwenye spika anapata desibeli kama 12 pungufu kuliko aliyekaa mita 1, na ili kuzirudisha hizo 12 anahitaji wati kama mara 16. Yaani kile ambacho sebuleni kinataka wati 80, wewe mezani kwako wati 5 zinatosha. Spika ndogo ya kawaida ukiipa wati 1 tu inatoa desibeli kama 85 ukiwa umbali wa mita 1, na Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu asiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki, sasa angalia mwenyewe, wati moja tu tayari umeshafika mahali pa kuanza kuhurumia masikio. Kwa hiyo ile sabufa ya sebuleni au ya kijiweni si kwamba ni mbaya, imetengenezwa kwa kazi nyingine, ya kujaza ukumbi. We unajaza sentimita 75.

Tukija kwenye hizo wati elfu kumi. Kwenye boksi utakuta PMPO au RMS. RMS ndo nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa muda wote bila kuharibu sauti. PMPO haina kipimo rasmi kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika kinavyopenda, kwa hiyo ukiiona hiyo namba iache ipite kama vile haipo. Nilimwonyesha dogo kwa hesabu ya plagi: plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, umeme wetu ni voti 230, zidisha unapata wati 2,990. Sasa kitu kinachochomekwa kwenye plagi ya wati 2,990 kinatoaje wati elfu kumi? Ukitaka kujua ukweli wa spika yoyote igeuze nyuma, soma kibandiko cha umeme, pale wanaandika inakula wati ngapi, na hakuna spika inayotoa kwa muda mrefu zaidi ya inachokula. Ile ya One Way tulivyoigeuza kibandiko kilisema wati 35. Dogo alinyamaza kidogo. Na zile zinazochomekwa kwenye USB vilevile, tundu la USB la kawaida linatoa voti 5 kwa nusu ampea, ni wati 2.5, mtu akikwambia USB hiyo hiyo inaendesha spika ya wati 100 mshukuru uendelee na safari.

Jambo la pili ambalo hata kabla ya chapa nalitilia mkazo, nunua maboksi mawili, la kushoto na la kulia, yaliyotengana. Sauti ya stereo inatokana na masikio mawili kupata vitu viwili tofauti kidogo, ukikaa katikati mwimbaji anasimama mbele yako kwenye kioo cha laptopu, gitaa liko pale, kayamba iko kule. Hii raha haipo kwenye spika moja ya blutuuthi hata iwe ya bei gani, maana spika zake zote ziko sentimita chache chache kwenye boksi moja. Na mezani ndo mahali rahisi zaidi duniani kuipata hiyo raha, kwa sababu umekaa katikati muda wote, sebuleni ni mtu mmoja tu kati ya watano anayekaa katikati.

Je sabufa? Najua watu wa huku tunapenda besi, na mi naipenda. Lakini fikiria seti ya bei ndogo, lile boksi kubwa linakaa chini ya meza na vile vispika viwili vya juu ni vidogo mno, havina uwezo wa kutoa sauti nzito ya mwanaume, kwa hiyo sauti ya mtangazaji nusu inatokea mezani nusu inatokea miguuni kwako. Afu kuna majirani. Wimbi la sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, tofali la inchi 5 halilizuii, linapita kama vile mlango uko wazi, na kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita korido moja mwenzako ana mtoto mchanga au ametoka zamu ya usiku. Unaweza usiwe umefungua sauti kubwa kabisa na bado chumba cha tatu wanasikia dum dum dum. Kwa spika za kwanza achana nayo, tafuta maboksi mawili yenye wufa (ile spika kubwa ya sauti nzito) ya inchi 3 mpaka 4, utapata besi ya kukutosha wewe uliye karibu. Ni kweli wufa ya inchi 3 chini ya hezi 80 hivi inaanza kuchoka, na uzi mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41, lakini sikio la binadamu lina uwezo wa ajabu, likisikia zile sauti za juu zinazoambatana na noti ile linaijaza lenyewe noti ya chini. Wufa ya inchi 4 kwenye boksi la mbao mezani, niamini, utatikisa kichwa.

Haya, hela inaenda wapi. Mi naona kuna njia tatu.

Ukiwa na chini ya laki, chukua vispika vidogo viwili vya USB vya kampuni inayoeleweka. Mfano mzuri wa kitu kilichofikiriwa ni Creative Pebble, wufa zake ni za inchi 2 tu na wati zake za RMS zilizoandikwa ni chache, namba ndogo isiyo ya kujisifu, na zimeinamishwa kutazama juu nyuzi 45 ili sauti ikufike masikioni badala ya kukupiga kifuani. Hata kama utakuta za kampuni nyingine, tafuta tabia hiyo hiyo: namba ya kweli, maboksi mawili, yanakutazama. Ukiwa na chini ya elfu arobaini kwa kweli nunua hedifoni nzuri za waya, endelea kudunduliza.

Ukiwa na laki tatu kwenda juu, kuna spika za mezani zenye amplifaya ndani yake, unachomeka kwenye umeme na kwenye laptopu basi. Edifier R1280T ndo inatajwa sana na kwa haki, wufa inchi 4, wati 42 RMS kwa jumla, ina kidude cha kupunguza na kuongeza besi na trebo pembeni, unaweza kuunga vitu viwili nyuma kwa wakati mmoja. Hapa Dodoma usitegemee kukuta kila duka, wengi wanaagiza Kariakoo. Kuagiza ni sawa, ila usipande treni kwenda kuifuata, nauli ya SGR daraja la kawaida Dodoma kwenda Dar ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000, kwenda na kurudi 62,000, hiyo ni karibu theluthi ya bajeti ya dogo. Kama una ndugu kule akusikilizie dukani, aisafirishe kwa basi, we unaenda kuchukua mzigo stendi Nzuguni.

Sisi tulipita njia ya katikati, spika za mtumba pamoja na amplifaya ndogo mpya, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye utamu na ndo penye hatari.

Spika za mtumba zisizo na amplifaya ndani, zile za mbao zinazotoka na redio kubwa za zamani za Ulaya na Japani, zinakuja nyingi na zinauzwa kwa bei ya kusikitisha kwa sababu watu wanataka taa na rimoti. Boksi lenyewe limetulia, zito, wufa ya kweli, twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) ya kweli. Spika isiyo na amplifaya ndani yake haina mengi ya kuharibika, unachokagua ni vitu vichache. Angalia ile ringi laini inayozunguka wufa. Kama ni ya sponji, iguse taratibu kwa kidole, ikimeguka kama keki iliyokauka basi imeshaoza, sponji zile zinaozaga zenyewe baada ya miaka kumi na kitu mpaka ishirini hata kama haikupigwa, fundi anaweza kuibadilisha lakini hiyo hela itoe kwenye bei. Ringi ya mpira inadumu zaidi. Afu weka vidole vitatu katikati ya wufa uisukume ndani polepole, sawa sawa, irudi yenyewe kimya. Ukisikia kama mchanga unasagwa, hiyo koili ndani inakwaruza, rudisha chini uondoke, usisikilize maelezo.

Amplifaya sasa. Hapa nina kidonda. Miaka kadhaa nyuma nilinunua amplifaya nzuri sana ya mtumba kutoka Japani, nikaisikiliza pale pale dukani ikapiga vizuri mno, nikaibeba mpaka nyumbani Area C nikachomeka ukutani, haikumaliza dakika, ikatoa mlio kama wa chupa inayofunguliwa na moshi wenye harufu ya plastiki. Umeme wa Japani ni voti 100. Wetu ni 230, mara mbili na ushee. Nilivyorudi kwa yule muuzaji ndo nikaona chini ya meza yake kuna transfoma ya kushusha umeme, waya umepita nyuma ya kitambaa, na hakuwa ameniambia. Iliniuma sana kwa sababu ile hela nilikuwa nimeikusanya miezi. Kwa hiyo chochote cha mtumba chenye waya wa umeme, kabla ya kukisikiliza, geuza, soma. Kikiandikwa 100V peke yake ni cha Japani, 120V peke yake ni cha Marekani, vyote vinataka transfoma ya kushusha. Ukiona 220-240V au 100-240V endelea. Na ufuate waya kwa macho kutoka kwenye kitu mpaka ukutani, usione aibu kuinama.

Ndo maana dogo nilimchukulia amplifaya mpya ndogo, zile za ukubwa wa kiganja, za klasi D, aina inayopoteza umeme kidogo. Nyingi zina chipu inaitwa TPA3116D2 ya Texas Instruments, na uzuri wake inakubali umeme wa DC, ule wa chaji na betri, kuanzia voti 4.5 mpaka 26, kwa hiyo ile chaji nzima ya voti 19 iliyobaki baada ya laptopu kufa, uliyoitupa kwenye droo, inaiendesha safi kabisa. Kwa voti 19 na spika za ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) unapata kama wati 20 kila upande, za kweli, kumbuka tulikuwa tunatafuta 5. Hakikisha kichwa cha chaji kinaingia na kwamba chanya iko ndani na hasi nje kama amplifaya inavyotaka, imechorwa pale pale kwenye tundu, kama huelewi mchoro mpe fundi redio akupimie kwa mita, ni kazi ya dakika mbili. Na kwenye spika nyuma utakuta ohmu, 4 mpaka 8 zote zinafaa.

Hesabu ya dogo ilikaa hivi: spika mbili za mbao zenye wufa ya inchi 4 muuzaji alianza 150,000 tukamaliza 110,000, amplifaya 50,000, waya wa spika mita 4 ulikuwa 8,000, waya wa kutoka jeki ya laptopu kwenda zile pini nyekundu na nyeupe 5,000, chaji nilikuwa nayo mimi. 173,000. Chenji tulikuja kuihitaji, nitasema.

Kabla hujalipa sikiliza, na sikiliza vitu vyako si vya muuzaji. Muuzaji ana ule wimbo mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya kuuzia spika, kila kitu kinapendeza humo. Mi nilibeba vitu vitatu kwenye simu. Cha kwanza mtu anaongea, taarifa ya habari tu ya redio, sauti ya mwanaume na ya mwanamke, kwa sababu sauti ya binadamu tunaijua tangu tumboni, ikiwa inatokea puani au kwenye ndoo utajua papo hapo. Cha pili singeli, mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, boksi baya lenye besi ya uongo linachanganya mapigo yote yanakuwa mngurumo mmoja, boksi zuri unahesabu kila teke. Cha tatu ngoma ya kwetu, ya Kigogo, yenye zeze (la nyuzi) na ilimba (ya kupigwa kwa vidole gumba) na sauti za watu wengi zimepandana. Ilimba ina mvumo wake wa makusudi, lile boksi lake lina tundu linalofunikwa na utando wa buibui ili litetemeke, kwa hiyo ukisikiliza kwenye spika nzuri ule mvumo unakuwa mwembamba, umeshikamana na noti, noti ikiisha nao unaisha. Kwenye spika iliyochanika mvumo unabaki unaning'inia kwenye kila kitu hata kwenye sauti za watu. Tulijaribu jozi nne. Ya pili ilikuwa na sura nzuri kuliko zote, na ilimba ndo iliyoikataa.

Afu fanya na hii: zima muziki, fungua sauti nusu, sogeza sikio. Kakelele kama ka upepo kwa mbali si tatizo, mngurumo mzito ni tatizo. Zungusha kitufe cha sauti mwanzo mpaka mwisho, Dodoma na vumbi letu la kiangazi vitufe vinakwaruza sana, krr krr, kwa mtumba hilo fundi anapuliza dawa ya kusafishia swichi linaisha, lakini na lenyewe litumie kuombea punguzo. Piga upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia, visikike sawa.

Kuunga si kazi. Waya mwekundu kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi, pande zote mbili sawa sawa. Ukigeuza upande mmoja, wufa moja inasukuma nje wakati nyingine inavuta ndani, besi inapotea na mwimbaji hakai katikati, unabaki unalaumu spika. Ukisikia besi imekonda ghafla baada ya kuunga anza kukagua hapo. Blutuuthi ni nzuri kwa simu ya mgeni, lakini kwa meza ya kazi tumia waya, blutuuthi inachelewesha sauti kidogo, kwenye gemu au ukiwa unakata video unaona mdomo umeshafungwa ndo neno linatoka.

Sasa ile chenji. Tulipomaliza kuunga, laptopu ikiwa kwenye chaji spika zilitoa mlio mwembamba, ziiii, ukigusa mausi unabadilika. Dogo akasema tumepigwa. Hapana. Nilichomoa chaji ya laptopu, kimya. Hiyo ni kelele ya umeme inayopita kati ya chaji na amplifaya kwenye ule waya wa sauti, na jeki za laptopu nyingi zinaibeba. Kwanza tukachomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, ikapungua. Tukanunua kadi ndogo ya sauti ya USB, ile kama flashi yenye tundu la jeki, 15,000, ikaisha kabisa kwake. Isipoisha kwako kuna kidude cha kukata hiyo kelele kinakaa katikati ya waya, mafundi wa redio za magari wanacho.

Kuziweka mezani ndo nusu ya sauti na ni bure, ajabu ndo kitu ambacho watu hawafanyi. Chukua tena futi. Ile sentimita 75 ya kutoka sikioni mpaka kwenye spika, weka spika ya kushoto na ya kulia zitengane hiyo hiyo 75, mkapata pembetatu iliyo sawa, wewe ni kona moja. Zigeuze zikutazame. Twita, ile ndogo ya juu, iwe usawa wa sikio. Meza ya dogo ilikuwa chini kwa hiyo spika zilikuwa zinaongea na kifua chake, tukaweka tofali moja kila upande limelazwa, juu yake kipande cha sponji ya godoro tulichokata kwa kisu, afu spika, zikapanda na meza ikaacha kutetemeka. Alikuwa amekaa na simu mkononi, nikacheza ule ule wimbo wa zeze, akaweka simu chini akageuka kuangalia nyuma ya laptopu, akasema huyu mama anaimba kutoka wapi. Katikati. Hamna kitu katikati, ni tofali mbili na futi.

Usizibandike ukutani, hasa zenye tundu nyuma, acha hata sentimita 15. Usiweke moja kwenye kona na nyingine wazi, kona inaongeza besi upande mmoja. Kwenye laptopu zima zile programu za kuongeza besi na sauti ya sinema, weka sauti ya laptopu kwenye 80 au 90, punguza na kuongeza kwa kitufe cha amplifaya.

Chumba nacho kinaongea. Piga kofi moja katikati. Kwenye vyumba vyetu vya tofali, chini tailizi, juu jipsamu, utasikia kofi linarudi kama kwenye tangi tupu, na kila wimbo wako utapata hiyo. Dogo alikuwa ameegesha meza inatazama ukuta mtupu na kitanda kiko nje ya njia, tukageuza ili godoro liwe nyuma yake, nguo alizotundika zikawa pembeni, na dirisha likapata pazia zito badala ya kile kitenge chepesi. Piga kofi tena. Ukiona limekauka, hapo hapo umeongeza laki kwenye spika zako.

Vumbi, Juni mpaka Oktoba upepo wa huku unaujua, zifunike na kitambaa chepesi ukiwa hutumii, amplifaya usiifunike ikiwa inafanya kazi maana inahitaji kupumua. Ukisafisha wufa tumia brashi laini ya rangi, usitumie kitambaa chenye maji, na twita usiiguse hata kwa bahati mbaya, kale kautando kakibonyea ndo basi. Umeme ukikatika chomoa kila kitu, usisubiri urudi ukikuta vimechomekwa, urudipo subiri dakika chache utulie ndo uchomeke. Na wakati wa kuwasha anza na laptopu, amplifaya iwe ya mwisho, wakati wa kuzima amplifaya iwe ya kwanza, ukifanya kinyume utasikia tup! kwenye wufa kila siku, na ile tup! ndo inayozichosha.